Kuchagua pedali za gitaa kwa muziki wa kujirudia na sauti za kutanda

Mpiga gitaa anayetaka kujaza chumba kizima peke yake, akipanga tabaka la sauti juu ya jingine, hahitaji begi zima la pedali, yaani vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Anahitaji tatu, yaani lupa, dilei na rivabu, na kama fedha inatosha moja tu, aanze na lupa.

Lupa hurekodi ulichopiga na kukirudia mfululizo huku ukiongeza mengine juu yake. TC Electronic Ditto hubeba dakika 5 na Boss RC-1 hubeba 12, lakini urefu huo usikushughulishe sana, kwa sababu mizunguko mingi haivuki nusu dakika. Shughulika na swichi. Kanyaga kuanza kurekodi, kisha kanyaga tena pale hasa pigo la kwanza linaporudi. Mguu ukichelewa hata kidogo, utasikia kikwazo mahali mwisho unapokutana na mwanzo, nacho kitajirudia kila mzunguko hadi ufute na kuanza upya. Ndiyo maana ninapendekeza uende dukani na gitaa lako na ujaribu swichi hiyo walau mara kumi kabla ya kulipa.

Kwa dilei, pedali inayorudisha noti kama mwangwi, tafuta inayofika walau sekunde 1 na inayokuruhusu kupanga mwendo kwa kugonga mguu. Wimbo wa mapigo 80 kwa dakika unataka mwangwi unaorudi baada ya milisekunde 750, yaani pigo moja, na mwangwi unaofifia ukipoteza ukali wake hukaa vizuri nyuma ya sauti mpya. Rivabu huifanya sauti itande kama iko ndani ya ukumbi mkubwa; yoyote yenye mkia mrefu, yaani inayochelewa kufifia, inatosha.

Mpangilio ni gitaa, dilei, rivabu, kisha lupa mwishoni kabla ya amplifaya, ili uweze kubadilisha sauti ya tabaka lijalo bila kugusa yaliyokwisha kurekodiwa. Baadaye ongeza pedali ya kupandisha na kushusha sauti kabla ya dilei: ukipiga uzi ikiwa imefungwa, kisha ukaifungua taratibu, mgoto wa kucha hutoweka na noti huibuka kama zeze linalosuguliwa kwa uta. Kwangu mimi hakuna sauti inayofanana zaidi na ziwa likiwa shwari asubuhi pale Capri Point, Mwanza.

Suala la umeme lisipuuzwe. Pedali nyingi hutumia volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Hapa Mwanza wengi wetu tuna vile vibetri vya kuendeshea ruta umeme unapokatika, navyo vingi hutoa volti 9 lakini chanya ndiyo iliyo katikati. Nilichomeka kimoja bila kutazama mchoro wake, na dilei yangu ikafa kabla sijapiga noti hata moja. Soma mchoro wa adapta, hakikisha miliampea zake hazipungui zile zinazotakiwa na pedali, na ukilazimika kutumia kibetri cha ruta, mpe fundi akutengenezee waya wa kugeuza chanya na hasi.