Somo: Kanuni za mitandao ofisini, tuziandike kabla picha ya mgeni haijatoka

Habari za kazi ndugu zangu. Somo hili niliwaahidi wakati wa masika, ofisi zetu hapa Arusha zilipokuwa zinapumua. Sasa Juni inabisha hodi, magari yanatoka gereji, wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wameanza kuitwa Moshi. Nawaandikia hasa wenye ofisi ndogo za utalii, zile ambazo mhasibu ndiye karani, na karani ndiye anayejibu Instagram ya kampuni saa nne usiku akiwa kitandani.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kampuni moja ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Mama mmoja mtu mzima alizidiwa na mwinuko pale kambi ya Barafu, akateremshwa kwa ile machela ya gurudumu moja kuelekea lango la Mweka. Mgumu mmoja, kijana mwenye huruma aliyeishika machela sehemu kubwa ya njia, walipopumzika alirekodi sekunde chache, akaandika "Mungu amsaidie mama yetu" na kuitagi kampuni. Uso ulionekana, barakoa ya oksijeni ilionekana, mguu mmoja hauna kiatu, soksi imeshuka nusu. Binti wa yule mama alikuwa anafuata ukurasa wetu ili aone picha za safari. Akaiona video kabla hatujampigia. Simu yake niliipokea mimi. Hakulia wala hakufoka, alikuwa anarudia swali moja tu: mama yangu yu hai?

Mama alipona, akarudi kwao. Kijana akaitwa ofisini, barua ya kumfukuza imeshachapwa. Akauliza kwa adabu, "Dada, hili limeandikwa wapi?" Tulikuwa watu wanne mle ndani na hakuna aliyemjibu. Halikuwa limeandikwa popote.

Hatua ya 1: Kaeni na wafanyakazi kabla ya kushika kalamu

Msichukue kanuni za kampuni ya Uingereza mkabadilisha jina juu. Muite dereva, mpishi, wa mapokezi, na mgumu mmoja wa siku nyingi. Waulizeni wanaposti nini, kwenye magrupu gani, na kwa nini. Wasikilizeni bila kutisha, maana hapo ndipo mtaona mambo yalivyo.

Sisi tulikuta jambo ambalo hata bosi hakulifikiria: pasipoti. Kila safari ilikuwa na grupu lake la WhatsApp, na humo tulirusha picha za pasipoti za wageni ili anayeshughulikia vibali azipate haraka. Safari inaisha, grupu linabaki. Dereva mmoja alifungua simu yake mbele yetu, picha za pasipoti zikashuka na kushuka, zimechanganyika na picha za ubatizo wa mwanawe na risiti za dizeli. Simu hiyo watoto wake walikuwa wanaichezea kila jioni. Hakuwa na kosa, sisi ndio tuliomtumia. Kwa hiyo kanuni ya kwanza tuliyoandika ilituhusu sisi wa ofisini: pasipoti inatumwa kwa mtu mmoja anayeihitaji, na ikishatumika inafutwa.

Hatua ya 2: Gaweni mafungu matatu

Kuna cha mgeni, cha kampuni na cha mfanyakazi.

Cha mgeni ni sura yake, jina, pasipoti, namba ya chumba, ratiba na afya yake. Hapa hatuzungumzii ustaarabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, ipo Tume inayoisimamia, na taarifa za afya na za watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Hizo zinadai ridhaa ya maandishi. Mgeni kukutabasamia ukiwa na simu mkononi si ridhaa.

Cha kampuni ni bei tulizokubaliana na lodji, orodha ya wateja, nywila, na barua za ndani. Hapa sina maneno mengi, kila mtu anaelewa.

Cha mfanyakazi ni maisha yake: harusi, ibada, timu yake, maoni yake akiwa nyumbani. Kampuni isitie mkono humo. Nimeona rasimu zinazokataza mfanyakazi "kuposti jambo lolote lisilofaa". Nani ataamua lisilofaa? Kanuni ya namna hiyo humfunga mnyonge na kumwacha huru anayependwa na bosi. Mwombeni tu asizungumze kama msemaji wa kampuni, na akiwa amevaa fulana yenye nembo akumbuke kwamba anaonekana kama sisi sote.

Hatua ya 3: Andikeni Kiswahili kinachosomeka langoni

Ukurasa mmoja unatosha. Hizi ni baadhi ya sentensi zetu, zichukueni:

"Mgonjwa, majeruhi au marehemu hapigwi picha, hata ya kumwombea. Ripoti ya uokoaji inapelekwa ofisini na kiongozi mkuu, kwa simu."

"Mtoto wa mgeni haonekani kwenye stetasi yako."

"Ukitaka kuposti picha ya mgeni, muombe, asaini fomu, na uposti baada ya safari kuisha."

"Faru akionekana, usitaje mahali wala usiweke alama ya eneo."

Hiyo ya faru madereva wenyewe ndio waliileta. Mgeni anafurahi, dereva anafurahi, picha inakwenda na jina la eneo na saa yake, na jangili naye ana simu.

Hatua ya 4: Akaunti iwe ya kampuni

Laini iliyosajili ukurasa iwe ya kampuni, na watu wawili wajue nywila. Mfanyakazi akiondoka nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Adhabu iwe na ngazi

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizo chini ya sheria yetu ya ajira, zinataka kujua kama mfanyakazi aliijua kanuni aliyoivunja, au alitegemewa kuijua. Ndiyo maana lile swali la kijana lilitunyamazisha. Kwa hiyo kila mtu asaini nakala yake. Kosa dogo lianze na mazungumzo, halafu onyo la maandishi. Likiwa zito liende kikao cha nidhamu: apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na awe na haki ya kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake.

Hatua ya 6: Zisomwe kila safari

Zamani mlima wenyewe ulitusaidia. Mtu alirekodi juu, akateremka na video yake siku mbili, njiani akajifikiria. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifika kambi ya Horombo, mita 3,720, na sasa video inafika mjini kabla machela haijaanza kusukumwa. Someni kanuni getini mkishapima mizigo, dakika tano, kwa sauti. Wagumu wengi ni wa safari moja moja, hawajawahi kuiona ofisi yenu.

Maswali ya wanachama

Meneja wa lodji, Usa River: Naruhusiwa kukagua simu za wafanyakazi wangu?

Jibu: Simu yake ni yake, mama. Akiwa na picha ya mgeni isiyotakiwa, mweleze na aifute mwenyewe mbele yako. Kama kazi inahitaji picha nyingi, nunua simu ya ofisi. Hata ya bei nafuu inatosha.

Dereva kiongozi, Sakina: Wateja wangu wengi wananipata kwa picha ninazoposti. Mkinifungia nitakula nini?

Jibu: Nakuelewa kaka, na ndiyo maana kanuni yetu haifungi, inaweka utaratibu. Simba, gari lako, mawingu ya Ngorongoro asubuhi, hayo posti. Mgeni akisaini fomu, posti naye. Wengi wanakubali wakiombwa vizuri, na hata mgongo wa mgeni anayetazama kreta ni picha nzuri.

Mpishi wa mlimani, Moshi: Niliandika Facebook kwamba hatujalipwa miezi miwili. Bosi anasema nimeichafua kampuni. Ni kweli hatujalipwa.

Jibu: Pole sana. Kudai mshahara wako si utovu wa nidhamu, na kanuni ya mitandao isitumike kumziba mtu mdomo. Lakini kujilinda ni muhimu: tunza tarehe, majina ya safari na ujumbe wa ahadi za malipo, peleka madai kwa maandishi, kisha nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiachishwa kazi, malalamiko ya kuachishwa yapelekwe ndani ya siku 30, usizipoteze ukibishana Facebook. Na usiongeze chumvi hata kidogo, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo kwa faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Mhasibu, Njiro: Bosi ametuagiza kila mmoja aandike maoni ya nyota tano Tripadvisor, tujifanye wageni. Tufanyeje?

Jibu: Msiandike. Tripadvisor wenyewe wanakataza, na mgeni aliyesoma uongo wenu atakuja kulala kwenye hema halisi. Mwambieni bosi mtawaomba wageni wa kweli waandike siku ya kuagana, kabla hawajapelekwa uwanja wa ndege.

Mwanachama, Moshi: Yule kijana wa machela alifukuzwa?

Jibu: Hapana, ile barua tuliichana. Alimwandikia binti wa yule mama pole kwa mkono wake, nikaitafsiri, na binti akajibu. Rasimu ya kwanza ya kanuni alitusomea yeye kwa sauti. Alipofika mahali nilipoandika "faragha" alisimama, akasema wenzake watauliza hiyo ni nini, akalikata na kuandika juu yake "siri ya mgeni". Mpaka leo limebaki hivyo.