Mlisho wa RSS: usiibadilishe guid

Tovuti ya WordPress ina mlisho wa RSS tayari, yaani faili linalopeleka makala zako mpya kwenye programu za wasomaji. Ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani yako uuone. Kwenye mipangilio ya usomaji, chagua muhtasari badala ya makala nzima ukitaka watu wabofye waje kwako. Habari fupi itoe yote tu, hakuna anayependa kukatiziwa utamu.

Ukiandika mlisho kwa mkono, chunga guid, kitambulisho cha pekee cha kila makala. Ukiibadilisha baada ya makala kutoka, programu nyingi za kusomea milisho hudhani ni makala mpya na kuionyesha tena. Alama ya & kwenye kichwa cha habari iandikwe & la sivyo faili zima linagoma kusomeka. Kwenye pubDate, yaani tarehe na saa ya makala kutoka, saa za Afrika Mashariki ni +0300. Kisha pima mlisho kwenye validator.w3.org/feed kabla hujautangaza.