Kabla ya kuandaa mlo wa kuonja wenye mada, Kigoma

Kwenye mlo wa namna hii mgeni haagizi. Anakaa, analetewa sahani ndogondogo saba au nane kwa mpangilio, na chakula, taa, sauti na vyombo vyote vinasimulia jambo moja. Huko Chicago mgahawa wa Next ulifunguliwa mwaka 2011 kwa menyu ya Paris ya 1906, kisha ukawa unabadilisha mada kila baada ya miezi kadhaa. Anayetaka kulifanya jambo hili Kigoma mjini au Ujiji aanze na kalenda, mapambo yatafuata.

Kalenda yenyewe ni ya mwezi wa angani. Dagaa na samaki waitwao migebuka huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikishakolea taa hizo hazivuti kitu. Mitumbwi mingi hupumzika, dagaa wabichi wanaadimika. Mada ya ziwa basi ipange siku za giza. Ulizia pia kama ziwa liko wazi: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Dagaa wakavu watakuokoa, ila nunua walioanikwa kwenye vichanja. Wale wa kuanikwa chini, uwaoshe utakavyowaosha, kuna mtu atatafuna mchanga, na sahani yenye dagaa watano haina pa kuficha kosa.

Mada nayo iwe ile ambayo chakula kinaweza kuibeba. Kwa maoni yangu Stanley na Livingstone wameshachosha; kukutana kwao Ujiji mwaka 1871 hakumwambii mpishi atie nini chunguni. Na misafara ya watumwa isigeuzwe pambo. Minyororo ukutani huku watu wanagonganisha glasi ni aibu. Usiku wa mvuvi, kwa mfano, una mpangilio wake tayari: muhogo wa kuchoma na chumvi ya Uvinza mitumbwi inapoondoka, dagaa wabichi wa kukaanga usiku wa manane, mgebuka kwa mawese, mwisho chai ya tangawizi na asali ya Tabora kama ya alfajiri. Karabai moja au mbili ukumbini zinatosha.

Ila mwanga hafifu na mgebuka mwenye miiba havikai meza moja. Toa miiba yote jikoni, au ongeza taa sahani hiyo inapoingia. Mawese nayo yana mambo yake: yakipoa yanaganda, na mgeni anaona utando wa rangi ya chungwa badala ya mchuzi. Sahani zipashwe moto kwanza, na hotuba ya mwenyeji isiwekwe kabla ya kozi hiyo. Kitambaa cheupe cha meza usikifikirie kabisa.

Kuhusu sauti, mgahawa wa Fat Duck kule Uingereza, wa Heston Blumenthal, ulipata sifa kwa sahani ya vyakula vya baharini ambayo mgeni huila huku akisikiliza mawimbi kwa visikilizi vya masikioni vinavyotoka ndani ya kombe la baharini. Sahani moja tu, si mlo mzima. Wewe uliye kando ya ziwa fungua dirisha, na jenereta uihamishie nyuma ya jengo.

Hesabu vyombo mapema. Wageni 12 kwa kozi 7 ni sahani 84, na jiko lenye 40 litakuwa linaosha katikati ya huduma. Fanya jaribio zima na watu wa nyumbani, saa mkononi. Mlo ukichukua zaidi ya muda wa saa tatu, punguza kozi.

Wageni waulizwe wanapoweka nafasi, si mlangoni. Nani ana mzio wa samaki au karanga, nani hanywi pombe, nyama iwe halali. Wasabato wengi hawagusi samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambale awe na mbadala. Ramadhani, meza ianze baada ya futari.

Malipo yatangulie. Next walianza kwa kuuza tiketi kama za maonyesho, na hapa kwetu kutuma kwa simu kunatosha. Weka wazi tangu mwanzo siku ya mwisho ya kurudishiwa pesa, na iwe kabla hujampa mvuvi oda yake.