Kuni za kutia ladha ya moshi kwenye nyama choma

Kama una jiko la mkaa lenye kifuniko, mkaa peke yake utakupa moto, lakini ladha ya moshi inataka kipande cha kuni. Huku Moshi na Arusha kuni nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya mbuni. Wenye mashamba ya kahawa wakishapogolea au kung'oa mibuni mizee, waombe vipande vinene. Ni mti mgumu, unaungua taratibu. Ukikosa, mpera au mwembe unafaa sana kwa kuku na mbuzi.

Msonobari na mkaratusi usiguse, utomvu na mafuta yake huifanya nyama iwe chungu. Minyaa ya uzio ndiyo kabisa, maziwa yake ni sumu. Na tafadhali, mabaki ya fundi seremala yaache: mbao nyingi zimepakwa rangi, vanishi au dawa ya mchwa.

Kuni iwe kavu. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa mlio mkali na ncha zake zina nyufa, vibichi hutoa mlio mzito. Usiloweke, maji hutoa mvuke tu na kupoza moto.

Mkaa ukishageuka kijivu, weka vipande viwili vya ukubwa wa ngumi, nyama ikae pembeni. Moshi mweupe mzito ukitanda, subiri kwanza na ufungue matundu ya hewa. Nyama iingie moshi ukiwa mwembamba, wa rangi ya bluu hafifu.