Somo: Kuchagua Msumeno wa Duara wa Umeme wa Bei Nafuu kwa Kazi za Nyumbani

Somo hili linamhusu mtu asiye seremala wa kulipwa, bali anayejitengenezea mwenyewe banda la kuku, rafu za jikoni, kichanja cha kuanikia korosho au lango la uani, kazi ambazo kwa mwaka mzima huenda zikamchukua siku kumi au kumi na tano tu. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kununua mashine ya karakana. Msumeno wa bei nafuu unamtosha kabisa, ilimradi akague mambo ambayo muuzaji kwa kawaida hayataji. Mimi ninaishi Mikindani, mkoani Mtwara, na kwa miaka ambayo nimetumia misumeno ya aina hii nimeridhika kwamba uzuri wa mkato hautokani na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Unatokana na bamba la chini lililonyooka na bledi nzuri.

Hatua ya kwanza: tambua mbao utakazokata

Kabla ya kwenda dukani, andika kazi tatu au nne unazotaka kuzifanya na unene wa mbao zake. Mbao za paini zinazoletwa kutoka nyanda za juu kusini ni laini na hazisumbui. Mninga na mkongo ni migumu zaidi, na mbao za mnazi, ambazo huku pwani tunazo, huwa ngumu sana upande wa nje wa gogo na hufanya meno ya bledi kuwa butu upesi. Orodha hiyo fupi ndiyo itakayokuambia ukubwa wa mashine, wala si ushawishi wa mtu aliye nyuma ya kaunta.

Hatua ya pili: chagua ukubwa wa bledi

Misumeno ya nyumbani mara nyingi huwa na bledi ya milimita 165 au ya milimita 185. Ya kwanza hukata kina cha takriban milimita 54 ikiwa wima, na ya pili takriban milimita 64. Mbao ya inchi mbili ni milimita 50, kwa hiyo zote mbili zinaipita. Tofauti huonekana unapoilaza bledi kwa nyuzi 45, kwa kuwa hapo hata ile ya milimita 185 hubaki na kina cha milimita 45 hivi, na mbao ya inchi mbili iliyotimia kipimo haikatiki kwa mara moja. Nguzo ya inchi nne kwa inchi nne hukatwa kwa kuzungushiwa mstari pande zote, ukaingia upande mmoja kisha ukaigeuza. Kwa bledi ya milimita 185 mikato hiyo miwili hukutana vizuri.

Kwa ushauri wangu, chukua ya milimita 185 yenye wati kati ya 1,200 na 1,500. Zaidi ya hapo unalipia uzito utakaouchosha mkono wako, na mkono uliochoka ni hatari.

Hatua ya tatu: kagua bamba la chini

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe. Bamba ndilo linaloteleza juu ya mbao na kuiongoza bledi. Likiwa limepinda, hakuna ustadi wa mkono utakaorekebisha mkato. Mwombe muuzaji aitoe mashine kwenye boksi, hakikisha haijachomekwa kwenye umeme, igeuze, kisha weka rula ya chuma juu ya bamba kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Ukiona mwanga ukipenya katikati au pembe moja ikicheza, omba mashine nyingine.

Baada ya hapo, pima kutoka ukingo wa bamba hadi kwenye bledi upande wa mbele, kisha upime upande wa nyuma. Vipimo hivyo vinapaswa kulingana. Vikitofautiana kwa zaidi ya milimita moja, bledi haiendi sambamba na bamba, na kila mkato mrefu utabana na kuunguza mbao. Mwisho, weka kipimo cha pembe kwenye sifuri na usimamishe skwea (chombo cha kupimia pembe ya nyuzi 90) kati ya bamba na bledi, ukihakikisha skwea inagusa bati la bledi wala si jino. Kasoro ya pembe si kubwa ikiwa mashine ina skrubu ya kuirekebisha, lakini kasoro ya usambamba katika mashine nyingi za bei nafuu haina tiba.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu liliwahi kunigharimu. Msumeno wangu wa kwanza niliununua katika msimu wa korosho, duka likiwa limejaa watu, na sikuufungua boksi. Nilikata nao mlango wa jiko la mama yangu kwa mbao za mninga nilizozihifadhi miaka miwili, na kingo zote zikatoka zimelala upande mmoja. Mbao zile hazikuweza kurudishwa.

Bamba la chuma chembamba hupinda mashine inapoanguka, ingawa linaweza kugongwa likanyooka, na kwa hewa ya chumvi ya huku linashika kutu. Bamba la aluminiamu ya kusubu hubaki limenyooka, ila likianguka vibaya hupasuka. Kama bei inaruhusu, mimi huchagua aluminiamu.

Hatua ya nne: kinga na swichi

Sukuma kinga ya chini kwa kidole kisha uiachie. Inapaswa kurudi yenyewe mara moja na kuifunika bledi yote, mashine ikiwa imesimama, imelala au imegeuzwa. Kinga inayorudi kwa uvivu au inayokwama usiipokee, hata ukiahidiwa punguzo. Swichi iwe na kitufe cha usalama kinachozuia mashine kuwaka kwa bahati mbaya. Tafuta pia alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibandiko, ambayo huonyesha kwamba kifaa kina kinga maradufu ya umeme.

Hatua ya tano: tundu la bledi na vipuri

Bledi za milimita 185 zinauzwa zikiwa na matundu ya katikati ya vipimo tofauti, kama vile milimita 16, 20, 25.4 na 30. Zunguka kwanza madukani ukiuliza bledi zipi zinapatikana, ndipo ununue mashine inayolingana nazo. Wengi hufanya kinyume, kisha bledi ya kwanza inapokuwa butu wanalazimika kuagiza nyingine kutoka Dar es Salaam. Zipo pete za kujazia tundu kubwa, lakini pete iwe ya kipimo kamili na ikae bila kucheza. Uliza vilevile kama kaboni za mota, yaani vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zinauzwa peke yake. Hicho ndicho kipuri kinachoisha kabla ya vingine, na katika mashine nyingi hubadilishwa kwa kufungua vifuniko viwili tu vya pembeni.

Hatua ya sita: tenga fedha ya bledi

Bledi inayokuja na mashine ya bei nafuu mara nyingi ni ya kuanzia tu. Seremala hutofautisha kupasua, yaani kwenda na urefu wa nyuzi za mbao, na kukata, yaani kuzikatiza. Bledi ya meno 24 ina nafasi pana kati ya meno ya kutolea unga, hivyo inafaa kupasua na kazi za jumla. Ya meno 40 hukata polepole zaidi lakini huacha ukingo safi, na ndiyo inayofaa kwa plaiwudi na rafu. Hakikisha meno yana vipande vya kabidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, vilivyochomelewa, na kwamba mizunguko ya juu iliyoandikwa kwenye bledi si pungufu ya mizunguko ya mashine, ambayo mara nyingi huwa karibu 5,000 kwa dakika. Ukilazimika kuchagua kati ya mashine ya ghali kidogo na bledi bora, chagua bledi.

Hatua ya saba: jaribu, kisha tumia kwa utaratibu

Omba mashine iwashwe dukani. Sauti iwe ya mlio mmoja usio na mkwaruzo. Nyumbani, tumia ekstensheni yenye waya wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali usiozidi mita 25, na uikunjue yote, kwa maana waya uliobaki umeviringishwa hupata joto.

Weka kina ili bledi itokeze chini ya mbao kwa milimita tano hivi. Upande mzuri wa mbao uangalie chini, kwa kuwa meno hukata yakipanda. Mbao ishikiliwe kwa klampu upande unaobaki, na kipande kinachokatwa kiachwe huru kidondoke. Ukiiegemeza mbao ncha mbili na kukata katikati, itajikunja na kuibana bledi, na msumeno utaruka nyuma kukuelekea. Kwa sababu hiyo usisimame nyuma ya bledi moja kwa moja. Simama pembeni kidogo. Vaa miwani ya kinga, na chomoa plagi kila unapogusa bledi.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu kuhusu somo hili

Mwanachama wa Masasi: Shikamoo fundi. Mimi nina grenda, ile mashine ya mkononi ya kukatia na kusagia chuma, tayari. Je, siwezi kuifunga bledi ya mbao badala ya kununua msumeno?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nakuomba kwa dhati usifanye hivyo. Grenda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, haina bamba la kuiongoza wala kinga inayojirudisha, na jino likinasa kwenye mbao mashine humrukia mshikaji kabla hajaweza kuachia swichi. Ukiwa bado huna fedha, tumia msumeno wa mkono.

Mwanachama wa Ruangwa: Kijijini kwetu tunategemea sola ya nyumbani yenye inveta ya wati 300. Je, itauendesha?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Msumeno wa wati 1,400 unaizidi mbali, na unapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi zaidi ya huo. Kwako fikiria msumeno wa betri. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 hubeba wati-saa 72 tu, na chaja yake mara nyingi haizidi uwezo wa inveta yako. Ichaji mchana wakati wa jua. Usidhani kwamba ile iliyoandikwa volti 20 ina nguvu zaidi: seli ni tano zilezile, zikipimwa mara tu baada ya kuchajiwa husoma volti 20, na zikiwa kazini volti 18.

Mwanachama wa Lindi mjini: Shemeji yangu ameniletea msumeno kutoka Marekani. Je, nibadilishe plagi tu?

Jibu: Usibadilishe. Soma kibandiko chake. Ukiona volti 120, umeme wetu wa volti 230 utaichoma mota kwa muda mfupi. Transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kuuendesha ni nzito na ina gharama, na kwa matumizi yako fedha hiyo ni afadhali iende kwenye msumeno wa volti 230.

Mwanachama wa Shangani, Mtwara: Mimi ni mama mwenye mikono midogo, na nataka kutengeneza rafu na viti vya watoto. Je, huo wa milimita 185 hautanilemea?

Jibu: Dada, swali lako limenionyesha kwamba ushauri wangu wa hatua ya pili haumfai kila mtu. Kwa rafu na viti chukua wa milimita 165, kwa kuwa hutakata mbao inayozidi inchi mbili, na wepesi wake utakupa mkato ulionyooka zaidi. Ushike dukani kwa mikono yote miwili, na uhakikishe kidole kinaifikia swichi bila kiganja kuachia mshikio.

Mwanachama wa Kilwa: Bledi yangu ya meno 40 inatoa moshi kwenye mbao za mnazi, nayo bado mpya.

Jibu: Tumia ya meno 24, na upunguze kina ukate kwa awamu mbili. Kabla ya kuitupa ile ya meno 40, ichomoe, iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni na uisugue kwa mswaki wa zamani, kisha uikaushe na kuipaka mafuta kidogo dhidi ya kutu. Mara nyingi kinachounguza mbao ni utomvu ulioganda pembeni mwa meno, nayo bledi huwa bado ina ukali wake.