Orodha za kazi za kila siku ndani ya Google Keep

Simu nyingi za Android huja na Google Keep, na kama haimo, inapakuliwa bure Play Store au, kwa wenye iPhone, App Store. Unahitaji akaunti ya Google tu, ileile ya Gmail. Ni daftari jepesi lisilo na mambo mengi, na kwa kazi za nyumbani na kazini hilo linatosha kabisa.

Anza na orodha tatu. Gusa alama ya kujumlisha, chagua orodha yenye visanduku, na juu yake andika "Leo". Tengeneza nyingine mbili: "Wiki hii" na "Kununua". Rudi kwenye "Leo", gusa alama ya pini iliyo juu, nayo itakaa mbele ya madokezo mengine yote.

Tunasisitiza tatu kwa sababu kosa kubwa ni kurundika kila kitu mahali pamoja, chumvi na ada ya shule na kupaka nyumba rangi. Orodha ya namna hiyo ikifika mistari thelathini, mwenyewe anachoka kuifungua. "Leo" isizidi mistari saba. Kila asubuhi chukua machache kutoka "Wiki hii" uyapeleke "Leo". Keep haina kitufe cha kuhamisha mstari mmoja kwenda orodha nyingine, kwa hiyo unakata maneno na kuyabandika upande wa pili. Kazi ambayo imebaki "Leo" siku tatu mfululizo irudishe "Wiki hii", au ikate vipande vidogo.

Namna ya kuandika mstari nayo ina uzito. "Bomba" peke yake halikuambii la kufanya. Andika "Mpigie fundi, bomba la jikoni linavuja", na ukipata dakika mbili kwenye foleni utajua pa kuanzia. Tanguliza kitendo: lipa, nunua, peleka, uliza. Kazi yenye hatua kadhaa, mathalani kushughulikia leseni, iandikie mstari mkuu, kisha hatua zake chini. Shika vile vidoti vilivyo kushoto mwa kila hatua, uvute kidogo kulia ili iingie ndani ya mkuu. Angalia usiweke tiki kwenye mstari mkuu kabla ya wakati, maana hatua zote chini yake zitapata tiki pia.

Ukitumiwa mahitaji kwa WhatsApp huna haja ya kuyaandika upya. Nakili ujumbe, ubandike kwenye dokezo la kawaida, gusa alama ya kujumlisha iliyo chini, chagua visanduku. Kila mstari unapata kisanduku chake. Kama aliyetuma alitenganisha vitu kwa koma badala ya kushuka mstari, vyote vitaingia kisanduku kimoja, utavitenganisha mwenyewe.

Orodha inayojirudia, kama ya sokoni kila Jumamosi, usiifute. Fungua nukta tatu na uondoe tiki zote kwa mara moja, uanze upya. Jirani yake hapo kuna amri ya kufuta vyote vyenye tiki, na vidole huteleza. Vitu vilivyofutwa ndani ya orodha haviendi kwenye tupio. Gusa mshale wa kutengua papo hapo kabla hujatoka.

Kwa kikumbusho gusa kengele, kisha weka siku na saa. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa simu haihesabu saa kama sisi. Saa mbili asubuhi ni 8:00 AM. Ukiweka 2:00 AM, simu italia saa nane usiku. Saa sita mchana ni 12:00 PM. Na kama kikumbusho hakilii kabisa, kagua mipangilio ya simu kwanza: arifa za Keep ziwe zimeruhusiwa, na hali ya kubana betri isiwe inaizima programu ikiwa nyuma.

Orodha ya "Kununua" inafaa kushirikiwa na mwenzako wa nyumbani. Chagua kuongeza mshiriki, andika anwani yake ya Gmail. Atakachokiwekea tiki dukani utakiona kwako, mradi simu zote mbili zina data. Bila bando bado unaweza kuandika na kuweka tiki kwenye simu. Mabadiliko yatasafiri mtandao ukirudi. Aliyeunda orodha akiifuta, imefutika kwa wote. PIN na nywila zisikae humo kamwe, kwa sababu aliyeshika simu yako ikiwa wazi anasoma kila kitu.

Iliyokamilika iweke kwenye kumbukumbu badala ya kuifuta: inaondoka mbele ya macho lakini ukitafuta unaipata. Dokezo lililofutwa hukaa kwenye tupio siku 7, kisha linapotea moja kwa moja. Na kabla ya kubadilisha simu au kuondoa programu, washa data, ufungue Keep, usubiri kidogo, halafu uhakikishe kwenye kompyuta, keep.google.com, kwamba ulichoandika mwisho kimefika.