Gamba jekundu la michungwa: usipulize siku ya kunasa madume

Kila msimu ni yaleyale. Mkulima anakagua mtego wa feromoni, yaani harufu ya jike inayovuta madume, anakuta madume ya gamba jekundu, mdudu mdogo anayenyonya mti akiwa chini ya gamba, yamenata tele, na jioni hiyohiyo bomba liko mgongoni. Dawa hiyo imemwagika bure. Dume lenye mabawa huishi saa chache tu na halinyonyi mti. Jike amejificha chini ya gamba lake, dawa haimpati sawasawa. Wa kupulizia ni watoto, vidudu vya manjano vinavyotambaa kabla havijajijengea gamba, na kujitokeza kwao hakufuati kalenda, kunafuata joto.

Siku madume yanapoanza kunaswa mfululizo ndiyo siku ya kuanza kuhesabu. Kila siku jumlisha joto la juu kabisa na la chini kabisa, gawa kwa 2, kisha toa 11.7, maana chini ya nyuzi hizo za Selsiasi mdudu huyu hakui. Siku yenye 30 na 16, wastani ni 23, unaandika 11.3. Jibu likiwa hasi andika sifuri. Usilipunguze kwenye jumla, mdudu hawi mchanga tena kwa sababu ya baridi! Nyuzi-siku, yaani jumla ya unayoandika kila siku, zikifika 306 hivi, watoto wanaanza kutoka.

Kwa joto hilo la 30 na 16 ni siku 27. Siku zikiwa za 22 na 10, unaingiza 4.3 tu na utangoja siku 71. Sasa huyo anayepuliza "baada ya mwezi" kwa kuwa mwaka jana ilikubali, anapima nini?

Jedwali la Farenhaiti litakuambia 550. Gawa kwa 1.8, basi. Ukitoa 32 kwanza unapata 288, na umeshawahi mno. Kipimajoto nacho kikae shambani, kivulini, penye hewa, si kwenye ukuta wa ghala unaopigwa na jua.

Wiki moja kabla ya kutimia, zungushia vitawi vyenye magamba hai utepe unaonata pande mbili, uukague kwa lenzi. Puliza watoto wanapojaa, si anapoonekana wa kwanza, na mafuta unayopulizia yalowanishe matawi ya ndani pia.

Madume ya kizazi kinachofuata hutokea karibu na 611 tangu mwanzo wa hesabu. Yakiwa machache mtegoni, umefaulu. Hapo hesabu inarudi sifuri.